Tom Simpson: Kupanda na Kuanguka kwa Bingwa wa Baiskeli



Ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri umekwisha kutuletea viongozi, wanasayansi na washairi. Safari hii Mhariri amenikubalia nilete mwanamichezo, tena mwanamichezo aliyekufa na doa katika jina lake. Nina sababu. Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa pendekezo kwamba chama kiwatunze kwa fedha taslimu wanafunzi wetu watakaorudi na ushindi kutoka mashindano ya UMISSETA. Pendekezo ni jema na sikusimama kulipinga. Lakini mimi niliyefundisha michezo kwa zaidi ya miaka thelathini ningependa tumtazame kwanza mtu huyu mmoja, ndipo tufungue mkoba.

Jina lake ni Tom Simpson. Alizaliwa tarehe 30 Novemba, 1937, katika kijiji cha Haswell, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika watoto sita. Baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe, na nyumba yao haikuwa ya shibe kila siku. Mwaka 1950 hivi familia ilihamia Harworth, kijiji kingine cha wachimba makaa katika jimbo la Nottinghamshire. Rika langu hawatakuwa wageni na jina hilo, kwani mji wa Nottingham ndiko zilikotengenezwa baiskeli za Raleigh, ambazo baba zetu walizinunua kwa fedha za kahawa na pamba na kuzifunika blanketi usiku zisipate umande. Kwetu baiskeli ya Raleigh ilikuwa mali ya heshima. Kwa Tom ilikuwa chombo cha kazi, kwa maana utotoni alibeba bidhaa za duka na kuzipeleka majumbani kwa watu kwa baiskeli.

Alijiunga na klabu ya baiskeli ya pale kijijini. Alikuwa kijana mwembamba mno, mwenye pua ndefu na miguu myembamba, hata wenzake wakamtania kwa kumpa jina la Fausto Coppi, bingwa wa Italia ambaye naye alikuwa mwembamba, wakiongeza kwamba huyu Coppi wao ana uzito wa mtoto. Watu wazima walimwacha nyuma kila walipotoka pamoja. Siku ya pili alikuja tena. Alipomaliza shule aliwekwa kuwa mwanagenzi wa kuchora ramani za mitambo katika kiwanda kimoja, na kazini alikwenda kwa baiskeli.

Walimu wenzangu watanielewa nikisema kwamba wanafunzi wenye vipaji ni wengi kuliko tunavyodhani, ila wale wasiokubali kushindwa ni wachache. Simpson alikuwa na vyote viwili. Akiwa na miaka 18 alichaguliwa kwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, mwaka 1956, na timu yake ikapata medali ya shaba katika mbio za kufukuzana uwanjani. Mwaka 1958, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Cardiff, alipata medali ya fedha. Basi akaona uwanja umekuwa mdogo. Mbio kubwa za barabarani, zenye jina na zenye fedha, zilikuwa Ufaransa, Ubelgiji na Italia, na huko Mwingereza alikuwa hahesabiwi.

Mwezi Aprili 1959 alivuka bahari kwenda Saint-Brieuc, mji wa pwani ya Brittany katika Ufaransa. Alikuwa na baiskeli mbili na akiba ya pauni 100. Lugha ya wenyeji hakuijua. Haikuchukua miezi mingi akawa ameshinda mbio kadhaa za pale na kupata mkataba wa kulipwa. Mwaka huo huo alichukua nafasi ya nne katika Mashindano ya Dunia. Huko Saint-Brieuc ndiko alikokutana na Helen, msichana wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi ya kulea watoto katika nyumba moja. Wakaoana, wakajaliwa mabinti wawili, na baadaye wakahamia mjini Ghent, Ubelgiji.

Ushindi ulifuatana. Mwaka 1961 alishinda mbio za Flanders, zinazokimbiwa juu ya barabara za mawe za Ubelgiji. Mwaka 1962, katika Tour de France, yaani mbio za kuizunguka Ufaransa kwa muda wa majuma matatu, alivaa fulana ya manjano ya anayeongoza. Hakuna Mwingereza aliyewahi kuivaa kabla yake. Aliivaa siku moja tu, akanyang'anywa kesho yake katika mbio za kupanda mlima, na mwisho akawa wa sita. Mwaka 1963 alishinda mbio za Bordeaux hadi Paris, safari ya kilometa zipatazo 560 inayoanza usiku wa manane. Mwaka 1964 akashinda Milan–San Remo. Septemba 1965, mjini San Sebastián, Uhispania, alimshinda Mjerumani Rudi Altig katika hatua za mwisho na kuwa bingwa wa dunia, Mwingereza wa kwanza kupata taji hilo katika mbio za barabarani za wanaolipwa. Mwaka huo watazamaji wa BBC walimchagua kuwa mwanamichezo bora wa nchi yao, heshima ambayo mpanda baiskeli hajawahi kuipata kabla.

Tena alikuwa mcheshi. Magazeti ya Ufaransa yalipomfanya kuwa bwana mkubwa wa Kiingereza, yeye mtoto wa mchimba makaa, hakukasirika. Alinunua kofia nyeusi ya mviringo, suti na mwavuli, akakaa mbele ya wapiga picha na kikombe cha chai mkononi. Alijua kwamba mwanamichezo wa kulipwa anauza miguu yake na sura yake pia.

Hapa sina budi kueleza habari ya malipo, maana bila hiyo kisa hakieleweki. Mshahara wa timu ulikuwa wa kawaida. Fedha hasa ilipatikana katika mbio ndogo zilizofanywa katika miji baada ya Tour de France kwisha. Wenye mji walimlipa mpanda baiskeli ili aje aonekane, na bei yake ilitegemea jinsi alivyong'ara katika Tour ya mwaka ule. Aliyefanya vizuri mwezi Julai alikula mwaka mzima. Aliyejitoa njiani, simu yake haikulia. Mwanamume mwenye mke na watoto, anayejua kwamba miguu haidumu, atayatazama majuma yale matatu kwa jicho gani?

Katika Tour, Simpson hakuwa na bahati. Mwili wake ulifaa zaidi kwa mbio za siku moja kuliko kwa majuma matatu ya milima. Mwaka 1961 alijitoa kwa kuumia. Mwaka 1965 alianguka, mkono ukatunga usaha hata madaktari wakamzuia kuendelea. Mwaka 1966, msimu ambao alipaswa kuitembeza fulana ya bingwa wa dunia, aliuanza akiwa amevunjika mguu katika mchezo wa kuteleza juu ya theluji, na ilipofika Tour alianguka tena akiteremka mlima Galibier, akashindwa kuendelea. Kwa hiyo mwaka 1967, akikaribia miaka thelathini, alijiona ana deni la kulipa. Mwanzo wa mwaka ulikuwa mwema, kwani alishinda mbio za Paris hadi Nice, akiwa timu moja na kijana wa Kibelgiji aliyekuwa ndiyo kwanza anachipukia, Eddy Merckx. Lakini Tour ndiyo iliyokuwa mizani.

Sasa niseme habari ya dawa. Katika miaka ile wapanda baiskeli wengi wa kulipwa walimeza amfetamini, na wala halikuwa jambo la gizani sana. Jacques Anquetil, Mfaransa aliyeishinda Tour mara tano, alilitetea jambo hilo hadharani. Ufaransa ilitunga sheria ya kulikataza mwaka 1965. Wapimaji walipokwenda hotelini kwa wapanda baiskeli wakati wa Tour ya 1966, mjini Bordeaux, kesho yake wapanda baiskeli walishuka njiani wakatembea kwa miguu kwa kugoma. Walidai kwamba utu wao umevunjwa. Simpson aliishi katika ulimwengu huo. Wenzake wa timu walisimulia baadaye kwamba vidonge vilikuwamo katika mzigo wake wa safari kama vile sabuni na taulo.

Vijana waelewe vizuri dawa hiyo inafanya nini. Watu husema inaongeza nguvu. Haiongezi chakula katika msuli, wala haiongezi damu. Mwili unapochoka hutuma habari kichwani kwamba akiba inakwisha, punguza mwendo. Amfetamini huizuia habari hiyo isisikike. Mtu hujiona bado yu mzima wakati ndani amekwisha. Pamoja na hayo, dawa huzidisha joto la mwili na kuibana mishipa ya ngozi, ambayo ndiyo njia ya joto kutoka. Mwenye nyumba amemlaza mlinzi, kisha akafunga madirisha na kuwasha moto ndani.

Tour ya 1967 ilikimbiwa kwa timu za mataifa, na Simpson alikuwa kiongozi wa timu ya Uingereza. Juma la kwanza lilimwendea vizuri. Walipofika kwenye milima ya Alps tumbo likamharibikia. Alikuwa akihara, chakula hakikai, na jioni wenzake walimwona amekonda na kupauka. Meneja wake na baadhi ya wenzake walimshauri aache. Alikataa. Alikuwa wa saba kwa jumla, na hesabu yake ilikuwa kwamba akishika nafasi ya mbele mpaka Paris, fedha za mwaka zimepatikana.

Tarehe 13 Julai walitoka Marseille kwenda Carpentras, kilometa 211, na katikati ya njia hiyo ulikuwapo mlima Ventoux. Ni mlima wa peke yake, urefu wake unapita meta 1,900. Sehemu ya chini ina msitu. Sehemu ya juu haina mti wala nyasi, ni mawe meupe matupu yanayorudisha jua usoni kama bati jipya. Siku hiyo ilikuwa ya joto kali lisilo na upepo. Na kanuni za wakati ule ziliwaruhusu wapanda baiskeli chupa nne tu za maji kwa siku nzima, yapata lita mbili, maana watu waliamini kwamba kunywa maji mengi kunadhoofisha. Leo mwalimu wa michezo akiwafanyia wanafunzi hivyo atafukuzwa kazi. Wapanda baiskeli waliokauka koo walikuwa wakiingia mbiombio katika mikahawa ya njiani na kunyakua chupa yoyote waliyoikuta. Simpson, ambaye tumbo lilikuwa likimsumbua, alikunywa brandi.

Katika kupanda alianza na kundi la mbele. Kidogo kidogo wakamwacha. Alipotoka msituni na kuingia kwenye mawe alikuwa ameanza kuyumba, mara kulia, mara kushoto mwa barabara. Ikiwa imebaki kilometa moja hivi kufika kileleni, akaanguka. Fundi wa timu, Harry Hall, alitoka garini akitaka kumaliza mambo pale pale, akaanza kumfungua mikanda ya miguu. Simpson alikataa, akataka arudishwe juu ya baiskeli. Wakamrudisha, wakamsukuma. Akaenda meta mia chache, akaanza kuinama tena, watazamaji wakamdaka. Alikuwa ameushika usukani kwa nguvu hata ikabidi vidole vyake vibanduliwe. Daktari wa mashindano, Pierre Dumas, alijitahidi kumpulizia pumzi hapo barabarani, na helikopta ikamchukua hadi hospitali ya Avignon. Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni ilitangazwa kwamba amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Yapo maneno yanayosemwa duniani kote kuwa ndiyo ya mwisho kutoka kinywani mwake. Yaliandikwa na mwandishi wa habari ambaye hakuwapo pale mlimani. Kwa sababu hiyo siyaandiki hapa. Mtu aliyekufa asibebeshwe maneno ya kupendeza ili kifo chake kionekane kama sinema.

Katika mfuko wa fulana yake zilikutwa chupa ndogo tatu za amfetamini, mbili tupu na moja nusu. Uchunguzi wa maiti ulionyesha dawa hiyo na pombe katika mwili. Madaktari walisema moyo ulishindwa kwa uchovu mkubwa na joto. Kipimo cha dawa peke yake kisingemwua, bali kilimwezesha kuuvuka mpaka ambao mwili wake ulikuwa umekwisha kuuweka. Hapo ndipo penye kisa chote. Ugonjwa wa tumbo, jua, uhaba wa maji, pombe na hofu ya kukosa fedha, kila kimoja kilikuwa kimempigia kelele asimame. Dawa ilimziba masikio.

Kesho yake wapanda baiskeli walimwacha Mwingereza mwenzake, Barry Hoban, atangulie kumaliza kwa heshima ya marehemu. Maziko yalifanyika Harworth. Katika mabingwa wa bara la Ulaya waliokuwa wakishindana naye kila juma, aliyevuka bahari kwenda kumzika ni yule kijana Merckx. Wengine walikuwa na mbio zao. Sisi tuliozoea kwamba msiba haukosi watu, jambo hili linatia simanzi kuliko hata vile vidonge.

Kifo hicho kilibadili mambo. Tour ya mwaka 1968 iliitwa Tour ya Afya, na wapanda baiskeli walipimwa kila siku. Michezo ya Olimpiki ilianza kupima dawa mwaka huo huo. Hata hivyo ugonjwa haukuisha. Miaka ilipopita dawa zikawa nyingine, zilizojificha zaidi, na mwaka 1999 ikabidi liundwe shirika la dunia nzima la kupambana nazo. Karibu na kwetu, majirani zetu wa Kenya wameona wakimbiaji wengi wakifungiwa, hata mwaka 2016 wakaanzisha chombo chao cha serikali cha kusimamia jambo hilo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba hizi ni habari za Wazungu wa zamani.

Pale alipoanguka Simpson lilisimamishwa jiwe la kumbukumbu mwaka 1968, kwa michango ya wapenda baiskeli wa Uingereza. Wanaopanda mlima ule kwa baiskeli husimama hapo na kuacha kofia, na wengine huacha chupa ya maji. Mwaka 2013 Chris Froome, Mwingereza aliyezaliwa Nairobi, alipita mbele ya jiwe hilo akielekea kushinda kileleni.

Wako wanaomwita Simpson mdanganyifu, na wako wanaomwita shujaa aliyeonewa. Mimi siafikiani na upande wowote. Alivunja sheria akijua, na hilo tusilifiche, kwani tukilificha tunawadanganya vijana. Lakini hakuwa peke yake. Mtengeneza ratiba aliyepanga milima siku ya joto, aliyehesabu chupa za maji, mlipaji aliyengoja majina makubwa, wenzake waliojua na kunyamaza, watazamaji waliopiga makofi, wote walikuwapo. Mdomo mmoja ulimeza, ila mikono iliyomlisha ilikuwa mingi.

Nikirudi kwa chama chetu, nitoe rai. Katika miaka yangu ya kufundisha nilipata kumkuta mwanafunzi bwenini usiku wa manane, macho yamemtoka, amemeza vidonge vya kuzuia usingizi kwa siku tatu mfululizo kabla ya mtihani. Hakuwa mhuni. Alikuwa mtoto wa maskini ambaye kijiji kizima kilikuwa kimemchangia karo, naye aliona haya kurudi mikono mitupu. Nilimpeleka zahanati, akalala mchana kutwa, na mtihani akaufanya. Nilichojifunza ni kwamba anayeelekea kumeza si yule asiyejali, bali yule anayeogopa kutuangusha.

Kwa hiyo tukitoa fedha, tusimpe mshindi peke yake. Tununue viatu vya timu nzima, tumlipe mwalimu anayejua kazi yake, tuhakikishe kuna maji safi na sanduku la dawa uwanjani. Mwanafunzi atakayesema leo siwezi, naumwa, apewe nafasi ya kupumzika bila kuzomewa, wala jina lake lisifutwe katika timu. Na anayetoka wa nne kwa jasho lake asomwe jina mbele ya shule siku ya paredi. Haya nayaleta rasmi mbele ya kamati, nami naomba yajadiliwe katika mkutano wetu ujao.